TAHADHARI: Kuna muuzaji wa modeli za manowari anayefunga maboksi upya

Jamani, mnaojenga manowari za plastiki, hasa mlioko Mombasa, Nairobi na Dar, kabla hujamtumia mtu pesa wiki hii soma hapa kwanza. Nimeliwa shilingi 13,700, na si mimi peke yangu.

Jina la duka silitaji, wala si kwa woga. Tangu Ramadhani keshalibadilisha mara mbili, na namba ya simu mara tatu. Nikikupa jina la leo, kesho litakuwa limekufa, utakutana naye kwa jina jipya na umchekee. Asichoweza kubadilisha ni mkono wake: anavyopiga picha, anavyojibu maswali, anavyofunga boksi. Huo ndio nitakaowaonyesha.

Mimi nimekulia Likoni. Utotoni kila tukivuka feri macho yangu yalikuwa yanatafuta zile meli za kijivu zilizokuja kutia nanga Kilindini, na nadhani ugonjwa ulianzia hapo. Miaka minne sasa najenga, lakini zote zilikuwa za kipimo cha 1/700, yaani meli halisi imepunguzwa mara 700, vimeli vya kuweka kiganjani. Distroya ya daraja la Arleigh Burke kwa kipimo hicho ni sentimita 22 tu. Reli za ubavuni unazifunga kwa kibano huku umeshikilia pumzi. Ndoto yangu ilikuwa kuipata kwa 1/350, sentimita 44 nzima, niiweke juu ya kabati ionekane.

Basi nikaliona tangazo. USS Lassen, distroya ya daraja hilo hilo, 1/350, boksi halijafunguliwa, 9,500. Kwa bei hiyo nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza, niliogopa mwingine ataniwahi, na yeye alijua. "Bosi wangu, hii ndiyo ya mwisho, kuna mtu wa Nyali anakuja kuichukua jioni." Nikamwomba anipigie picha ya vipande vya ndani. Akajibu kwamba akifungua nailoni boksi litashuka thamani, wakusanyaji hawalitaki tena. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linanasa watu. Wapo kweli wanaonunua maboksi wasiyoyafungua mpaka wanazeeka nayo. Mimi lakini si mkusanyaji, nanunua nijenge! Ilikuwa nimwambie hivyo tu, nisikie atasemaje.

Nikatuma. Kabla sijathibitisha, M-Pesa ikaniletea jina la mwanamke ambalo halifanani na la muuzaji kwa herufi hata moja. "Ni shemeji yangu, laini yangu imejaa." Nikabonyeza. Akanishawishi pia nichukue chupa sita za rangi, 2,400, "halisi kutoka Japani". Kesho yake asubuhi ujumbe: mzigo umeshikwa forodha, ongeza 1,800. Sasa niambieni, mzigo ambao jana ulikuwa rafuni Nairobi, na mtu wa Nyali yuko njiani kuuchukua, leo unashikwaje forodha? Niliuliza hivyo hivyo. Akanyamaza saa mbili, kisha akasema bila hiyo pesa hauji. Nikalipa, kwa hasira ya mtu ambaye keshatoa nyingi na hataki zipotee.

Siku ya tano boksi likafika kwa basi, nikalichukua Mwembe Tayari. Nyumbani nikalifungua baada ya Magharibi, mwanangu kando yangu na penseli yake, maana kazi yake ni kuhesabu vipande na kuweka alama kwenye karatasi ya maelekezo.

Nailoni ya nje kwanza. Nilikuwa na boksi la zamani kabatini, nikayaweka pamoja chini ya taa. La kiwandani nailoni yake imekaza sawasawa pande zote, na mshono wake ni mwembamba kama uzi. La kwake lilikuwa na mshono mnene unaokwenda upogo, na kwenye kona moja nailoni imejikunja na kuwa ngumu, dalili kwamba ilipulizwa moto wa karibu mno. Mashine ya kukaushia nywele inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo, ndugu, neno "halijafunguliwa" lisikutie usingizi. Ni mbuzi kwenye gunia, sema hili gunia linang'aa.

Ndani, mifuko ya plastiki imebanwa kwa pini za stepla. Kwenye seti nyingi nilizonunua mifuko hubanwa kwa moto, na stepla zikiwapo basi huwa zimeshikilia kadi ya kiwanda. Hizi zilikuwa zimepigwa ovyo, moja ina kutu. Mtoto akaanza kusoma herufi za fremu, zile zinazoshikilia vipande kabla hujavikata: A ipo, B ipo, C ipo, halafu D mbili badala ya moja. Fremu yenye mlingoti na mizinga ya Phalanx haipo kabisa. Kile kibati chembamba chenye reli na nyavu za antena hakipo. Stika za maji, zile za kulowesha ndipo ubandike, zipo, ila zimekuwa rangi ya chai ya rangi.

Lililoniuma zaidi ni ganda, yaani mwili wa meli. Daraja hili lina matoleo. Meli za mwanzo, kuanzia USS Arleigh Burke yenyewe iliyoingia kazini mwaka 1991, hazina banda la helikopta. Zina uwanja wa kutua tu kule tezi. Kuanzia USS Oscar Austin, yenye namba ya ubavuni DDG-79, yakaongezwa mabanda mawili, na meli ikarefuka kutoka mita 154 hivi kufika 155 na ushei. Lassen ni DDG-82, kwa hiyo lazima iwe na mabanda. Sitaha niliyopewa ilikuwa ya meli yenye mabanda, lakini ganda ni la zile za mwanzo. Nilipoilaza sitaha juu yake, omo ilikaa sawa kabisa, nikafurahi. Huku tezi ikatokeza nje kwa milimita nne. Mita moja na nusu ya chuma, ukiigawa kwa 350, ndiyo hizo milimita nne. Jamaa ameokota mabaki ya seti mbili za watu walioshindwa, akayatia boksi moja.

Na kwamba ni mabaki nina ushahidi. Ukuta mmoja wa banda la helikopta una alama ya kidole gumba. Si vumbi wala mafuta, kidole kimeyeyukia kwenye plastiki, mistari yake yote inaonekana. Aliyekuwa akijenga mwanzo alimwaga gundi nyembamba, ile inayoyeyusha plastiki, akakishika kipande kabla haijakauka, kosa ambalo sote tumelifanya, kisha nadhani akakata tamaa akauza kilichobaki. Simlaumu huyo. Kipande ninacho.

Tuje kwenye rangi, kwa sababu hapa mtu anaweza kuharibu hata kazi nzuri aliyokuwa nayo. Chupa zilikuwa za Tamiya kweli, zile ndogo za mililita 10, na zimeandikwa ninachokitaka: XF-9, ule wekundu wa chini ya mstari wa maji, na kijivu cha XF-53 ambacho wengi hukitumia kukaribia kijivu cha ukungu cha jeshi la majini la Marekani. Chupa halisi, rangi si yake. Nilipofungua ile nyekundu harufu ikanipeleka moja kwa moja gereji ya kupigia magari rangi. Akriliki za Tamiya zina harufu ya spiriti na brashi yake unaisafisha kwa spiriti. Hii ilikuwa imezimuliwa kwa tina ya magari, na tina hiyo na plastiki hii ni moto na pamba. Kwenye nyuzi za kifuniko nikakuta rangi mbili zilizokauka, samawati chini, nyekundu juu.

Kwa ukaidi wangu nikasema nijaribu tu kwenye ganda la chini, maana meli yenyewe ilikuwa imeshakufa. Asubuhi plastiki ilikuwa imelainika ukiibonyeza, na uso wote umepasuka nyufa nyufa kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Fikiria ningeipuliza kwenye modeli ya miezi mitatu.

Kwa hiyo rangi yoyote usiyoiamini, hata ya dukani, idondoshe kwanza kwenye kipande cha fremu ambacho utakitupa, uiache usiku kucha. Na nusa kabla ya kutikisa.

Baada ya kulalamika kwa wenzangu ndipo nikajua siko peke yangu. Rafiki yangu wa Dar alitumiwa picha ya boksi la USS Nimitz, ile meli ya kubeba ndege, "ya 1/350" likiwa juu ya kiti cha pikipiki, na chupa ya soda kando. Hapo ndipo hesabu ndogo ingemwokoa. Nimitz halisi ina mita 333. Gawa kwa 350 upate sentimita 95, karibu mita nzima! Boksi lake halikai kwenye kiti cha pikipiki, linahitaji mtu wa kulikumbatia. Hata kwa 1/700 ni sentimita 47 na nusu. Boksi la kwenye picha lilikuwa kama chupa moja na nusu ya soda. Yeye hakupata hata hayo makapi niliyopata mimi. Alilipa, kisha akazuiwa. Mwingine wa Nairobi alipata boksi lenye fremu zote, ila karatasi ya maelekezo ilikuwa nakala ya fotokopi yenye kurasa nne zinazokosekana. Huyo tunamwita mwenye bahati.

Nisije nikawatia wasiwasi kwa kila kitu. Stika za manjano peke yake si wizi; boksi likikaa miaka mingi rafuni ndivyo zinavyokuwa, na ukizibandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua kwa siku kadhaa mara nyingi hurudi nyeupe. Kipande kilichopinda, au chenye kishimo pale plastiki iliposinyaa, ni kasoro ya kiwandani, inatengenezeka kwa maji ya moto au msasa. Wauzaji waungwana wa mitumba ya modeli wapo, na wanakwambia wenyewe: fremu C ina upungufu wa vipande viwili, bei nimeshusha. Kwa mtu kama huyo ningenunua hata kesho.

Ninachowaomba mfanye kabla ya kulipa ni kumtaka muuzaji azipange fremu zote mezani, aweke karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako kwa mkono, apige picha. Halafu tafuta ukurasa wa vipande kwenye maelekezo ya seti hiyo, mengi yanapatikana mtandaoni bure, ulinganishe herufi kwa herufi. Ni kazi ya dakika kumi. Akikwambia ya wakusanyaji, mwambie wewe si mkusanyaji. Jina la M-Pesa likija tofauti, acha hapo hapo. Ukishatuma ukashtuka, usikae ukibembeleza kama mimi. Ule ujumbe wa malipo, kama uko Safaricom ya Kenya, upeleke 456 papo hapo kuomba urudishiwe, maana zinarudi tu kama bado hajazitoa, na huyu anazitoa haraka. Mimi nilikaa siku tano, nikakuta akaunti ya shemeji nyeupe. Kituoni nimeandikisha na namba ya OB ninayo, kwa hiyo kama nawe umeliwa kwa mtindo huu, nenda kaandikishe kwenye kituo chako ili malalamiko yawe mengi. Picha za mazungumzo msizifute.

Jambo moja limenifanya niandike usiku huu badala ya kungoja mwisho wa wiki. Siku zile tukiongea kirafiki, nilimtumia picha ya distroya yangu ya 1/700, ile ya sentimita 22, nikimwuliza ushauri kuhusu rangi ya sitaha. Alinisifu sana. Leo mchana mwenzetu mmoja ameniletea tangazo jipya, jina jipya, namba mpya: "Zilizokwisha jengwa na kupakwa rangi, 6,000, bado moja tu." Meli ni yangu. Imekaa juu ya leso ya kisutu ya mke wangu, ile nyekundu, na kwenye kona ya picha inaonekana penseli ya mtoto. Mkiiona popote, iko Likoni juu ya kabati, na haiuzwi.