Tahadhari: muuzaji wa "nano" ya kupaka ndani ya tangi la maji

Nawatahadharisha wote wanaohifadhi maji katika matangi ya plastiki, hasa sisi wa Dar es Salaam tuliozoea mgao, juu ya muuzaji anayepita nyumba kwa nyumba na kimiminika cheupe anachokiita "nano", akidai kwamba kikipakwa ndani ya tangi mara moja kitaua bakteria kwa miaka mitano bila klorini wala kuchemsha. Nilimlipa shilingi 170,000 kwa chupa mbili. Wiki tatu baadaye, watoto walipoanza kuharisha, nilipeleka maji maabara na yakakutwa na E. koli, bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi.

Kinachomfanya aaminike ni kwamba si yote aliyoyasema ni ya kubuni. Titani dioksaidi, unga mweupe anaosema ndio uliomo katika dawa yake, ipo kweli, na tangu mwaka 1985 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ikimulikwa huua vijidudu. Hata lile onyesho lake la vikombe viwili vya maji ya buluu vilivyoanikwa tangu asubuhi, ambapo chenye dawa hupauka, huenda lisiwe kiinimacho, kwa kuwa chembechembe hizo zikipigwa na jua huzalisha oksijeni kali inayoharibu rangi kama inavyoharibu utando wa bakteria.

Lakini vikombe vilikuwa juani, ilhali tangi langu ni jeusi, lina kifuniko, na ndani yake ni giza totoro. (Hili nilipaswa kuliwaza kabla ya kutoa fedha.) Titani dioksaidi ya kawaida huamshwa na miali ya urujuanimno (UV, isiyoonekana kwa macho) yenye urefu wa mawimbi ulio chini ya nanometa 390 hivi, ambayo hata katika mwanga wa jua ni sehemu ndogo tu. Nilipolalamika, alirudi kuniuzia taa ya zambarau ya kutundika ndani ya tangi kwa shilingi 25,000, ingawa taa kuwa ya zambarau hakuthibitishi kwamba inatoa miali hiyo. Tena, hata kama ingeitoa, oksijeni hiyo kali hudumu kwa muda mfupi mno, hivyo humdhuru bakteria aliyeugusa ukuta au aliye karibu nao kabisa, si wanaoelea katikati ya lita 1,000.

Chupa zake hazina jina la mtengenezaji wala alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na simu yake sasa haipatikani. Jirani amemwona upande wa Mbagala akiuza kimiminika hichohicho kama dawa ya kupulizia jikoni na vyumba vya wagonjwa, jambo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu vumbi la titani dioksaidi likivutwa limewekwa na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu.

Tangi nimelimwaga na kulisugua, na tumerudi kwenye klorini na kuchemsha. Waliouziwa watunze chupa na risiti zao za mkono, kwani wiki ijayo napeleka malalamiko Tume ya Ushindani na ningependa tuwe zaidi ya mmoja.