Waliibana sindimba yetu, wakanitoza tena "kuipandisha"

Hasira hizi ninazo tangu kabla ya msimu wa korosho na bado hazijapoa. Ni kibanda kimoja cha kurushia nyimbo hapa Mtwara mjini, jina silitaji. Bei zao si mbaya na wana haraka ya kazi. Mtu anayetaka bongofleva za kusikiliza kwenye bodaboda aende tu, atahudumiwa. Mimi sikupeleka bongofleva.

Nilipeleka sindimba, ngoma ya Wamakonde, ya kikundi chetu. Tulichangishana tukarekodi studio, dakika kumi na mbili bila kukata: vinganga, njuga miguuni, manju anaimbisha na akina mama wanaitikia. Fundi wa studio akatupa faili la WAV, sauti nzima isiyobanwa, kwa kiwango kile kile cha CD zilizoanza kuuzwa mwaka 1982. Ni vipimo 44,100 kila sekunde, kwa spika ya kulia na ya kushoto. Ngoma hiyo moja ilikula kama MB 127.

Nilichomwagiza kijana wa kibanda ni kopi tu. Atoe kwenye flashi yangu, aweke kwenye flashi za wenzangu, basi. Na hapa niseme, maana watu wengi wanachanganya. Enzi za kanda, ukirekodi kanda kutoka kwenye kanda, mvumo uliongezeka kila safari, na nakala ya nakala ilikuwa hoi. Faili haliko hivyo. Likinakiliwa sawasawa, nakala ya mia ni sawa na ya kwanza, namba kwa namba. Sauti inakufa pale faili linapobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti ili lipungue ukubwa, na yeye alibana hivyo bila kuniuliza, eti flashi zisijae. Alinirudishia MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, yaani kiasi cha taarifa za sauti kinachobebwa kila sekunde, wakati nilimpa sauti yenye 1,411.

Sina ugomvi na MP3 yenyewe. Wale Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, akina Karlheinz Brandenburg, walifanya kazi ya akili sana. Walijua kwamba sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, kwa hiyo ile ndogo inaweza kutupwa na sikio lisishtuke. Kwenye kilobiti 320 watu wengi hawatambui kitu. Ila kwenye 128, na kwa ngoma yetu! Chinganga kinapigwa kwa vijiti vyembamba na ngozi yake imekazwa kwa moto, kila pigo linakata. Programu ya kubana huigawa sauti vipande vifupi vifupi, na pigo la ghafla likiangukia katikati ya kipande, makosa ya kubana yanasambaa kipande kizima, mpaka kabla ya pigo lenyewe. Unasikia mchakacho kabla kijiti hakijagusa ngozi. Wataalamu wenyewe hujaribia programu zao kwa kastaneti za Kihispania kwa sababu hiyo hiyo. Njuga ndiyo usiseme. Sauti za juu kabisa zimefyekwa, na zilizobaki zinachemka kama mafuta ya kukaangia. Sauti ya manju wetu imekuwa bapa, pumzi yake huisikii.

Nikarudi. Nimesimama pale mlangoni, mtu mzima, kijana hana shikamoo, macho yako kwenye simu. Nikamweleza.

"Kwani hailii?"

"Inalia, mwanangu, lakini hii siyo niliyokuletea."

"Bimkubwa, na ngoma ya kijijini nayo inataka kwaliti?"

Wenzake wakacheka. Hapo ndipo iliponiuma, na mpaka leo naandika kwa sababu ya kicheko kile kuliko hata faili.

Halafu akasema anaweza kuipandisha iwe 320, niongeze hela. Nikaongeza. Faili likavimba kutoka MB 11 na ushee mpaka karibu 29, sauti ni ile ile, mchakacho ule ule. Haiwezekani iwe vingine! Kilichotupwa kimetupwa, hakuna programu inayojua pumzi ya manju ilikuwaje. Kuigeuza MP3 kuwa MP3 nyingine ni kuibana mara ya pili. Anayefanya biashara hii kila siku analijua hilo, na kama halijui, kwa nini anatoza?

Nikadai flashi yangu yenye faili la mwanzo. Ameifomati. "Ilikuwa na virusi." Studio nako walishafuta kazi za zamani kupata nafasi, na manju wetu siku hizi kifua kinambana, hawezi tena dakika kumi na mbili.

Kusema haki, pale pana kijana mwingine, mdogo, asiye na maneno. Aliniomba radhi pembeni, "Mama, nisamehe kwa niaba yao," akakaa na flashi ile na programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa mpaka jua likazama. Akapata dakika nne za mwanzo, safi kama zilivyotoka studio. Akaziweka kwenye FLAC, ambayo inapunguza faili karibu nusu bila kutupa hata kitu kimoja, akazigawa kwa wenzangu wote. Kwa ajili yake nilitaka kuandika kwamba kibanda kinafaa, ila mumuulizie yeye.

Sasa mwenye kibanda akatoka ndani akanidai hela ya kazi ile ya kurudisha! Waharibu wao, nilipe mimi. Basi hapana, sisemi tena kwamba kinafaa, hata kwa bongofleva msiende. Yule mdogo akifungua chake nitampelekea wateja mwenyewe kutoka Mikindani mpaka Newala. Hela ya kurudisha sikutoa, na ile ya "kupandisha" bado naidai.