Muito wa simu: nilivyoiona huduma hii nikiwa mteja, kisha nikiwa mtunzi

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile inayomfanya anayekupigia simu asikie wimbo uliouchagua wewe badala ya mlio wa kawaida. Nimekuwa mteja wake kwa miaka minne katika kampuni moja ya simu hapa Kenya, na kwa miwili ya mwisho nimekuwa pia mtunzi ambaye nyimbo zake mbili zinauzwa humo kupitia wakala. Majina ya kampuni na wakala nayaacha, kwa kuwa ninayotaka kuyasema yanauhusu mpango wenyewe kuliko wanaouendesha.

Upande wa mteja hauna maneno mengi. Kujisajili ni ujumbe mmoja, kujitoa kulinichukua ujumbe wa tatu ndipo kukakubalika, na salio hukatwa kidogo kidogo kila siku hata mtu akasahau kwamba analipa. Sauti ni nzuri mtandao ukiwa imara. Ukiyumba, udi husikika kama bati linalokwaruzwa.

Kilichonivutia ni kwamba huduma hii imefanikiwa mahali ambapo sheria imehangaika kwa muda mrefu. Wimbo wangu wa kwanza ulinigharimu shilingi 18,000 za studio kabla hajausikia mtu yeyote, ilhali nakala iliyofuata, na ya elfu moja baada yake, haikumgharimu aliyeinakili hata senti. Hakimiliki iliwekwa ili kuziba pengo hilo: humpa mtunzi uwezo wa kumzuia mwingine asinakili, ili naye apate kutoza bei itakayorudisha gharama yake. Thomas Macaulay, mwanahistoria na mbunge wa Uingereza, aliliambia Bunge la nchi yake mwaka 1841, bila kuzungukazunguka, kwamba hiyo ni kodi wanayotozwa wasomaji ili waandishi wapate bakshishi. Kenya tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, lakini kodi ya namna hiyo haikusanyiki pale ambapo wimbo huhamia kwenye flashi za matatu kabla mwimbaji hajamaliza kuilipa studio.

Muito wa simu hauhamishiki hivyo, kwa sababu haukai kwenye simu ya mteja; hukaa kwenye mitambo ya kampuni. Shangazi yangu alikuwa na wimbo wangu kwenye simu yake, ametumiwa bure na jirani, na bado alijisajili kulipia muito, maana wimbo aliokuwa nao aliusikia yeye peke yake, na yeye alitaka wausikie wanaompigia. Mimi nami nilipouweka alinigombeza: “Mwanangu, mbona unapokea upesi? Kibwagizo hata hakijafika!” Kwa hiyo aliyepata nakala ya bure hakuacha kuwa mnunuzi, jambo ambalo askari na mahakama hawajaweza kulifanya.

Hata hivyo, mlango unaozuia wizi una mwenyewe, naye ndiye anayepanga kiingilio na mgao. Mtunzi hana mlango mwingine wa kupitishia bidhaa hiyo, kwa hiyo hana la kutishia anapoketi kujadiliana. Nadhani ndiyo sababu Bunge liliingilia kati mwaka 2022 na kuuandika mgao ndani ya sheria: msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito, kampuni ya simu ichukue 39.5, na mtoa huduma wa kati 8.5. Ni hatua kubwa, na ninaiunga mkono. Ila neno dogo “au” lina uzito wake, kwa kuwa kijana anayerekodi kwa mkopo na kumtilia prodyuza saini ya kumkabidhi haki zote huwa ameihamisha ile 52 kabla haijazaliwa. Na hata kwangu, niliyebaki na haki zangu, taarifa ya mapato huja na mstari mmoja: jina la wimbo, jumla ya fedha, mgao wangu. Idadi ya waliojisajili haimo, wala siku walizokatwa. Robo ya mwaka uliopita nilipata shilingi 2,140, na sina namna ya kujua kama asilimia hiyo ilipigwa kwenye chungu kizima au kwenye ukoko.

Huduma hii pia imenibadilisha utunzi, na hili nalisema kwa aibu kidogo. Wimbo wa kwanza ulifunguliwa kwa udi na fidla kwa muda wa dakika moja na nusu, kama tulivyofunzwa na wakubwa. Mpigaji alikuwa akipokelewa kabla sauti haijaingia. Wa pili niliuanza na kibwagizo kwenye sekunde ya kwanza. Unauza mara tatu ya ule wa kwanza, nao ni dhaifu.

Linganisha nguvu ya sekunde hizo na ile ya ulinzi ambao sheria yetu humpa mtunzi, yaani uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Shilingi 100 zitakazopatikana miaka 50 ijayo, zikipimwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, leo hazifikii thamani ya shilingi moja. Hoja ya namna hiyo ndiyo wachumi 17 wa Marekani waliyoipeleka Mahakama ya Juu ya nchi yao mwaka 2002, kupinga miaka 20 iliyoongezwa kwenye hakimiliki mwaka 1998. Muito wangu huuza vizuri kwa miezi mitatu, kisha hufifia. Mwaka wa hamsini baada ya kufa kwangu haunitoi kitandani kwenda kutunga. Kulipwa robo hii, kwa hesabu ninayoweza kuikagua, kungenitoa.

Kwa mteja naipa huduma nyota nne kati ya tano, na moja imepotea kwenye zile jumbe tatu za kujitoa. Kwa mtunzi naipa mbili na nusu. Nimemwandikia wakala kuomba idadi ya waliojisajili siku kwa siku. Ikija nitaongeza nyota nzima, hata kama mgao wenyewe utabaki pale pale.