Kivinjari kipi uweke kwenye simu yako: mpangilio wangu kwa watu wa Kigoma

Ukinunua Tecno au itel pale Mwanga, simu inakuja na kivinjari ndani, yaani programu ya kufungulia tovuti, mara nyingi Chrome au Phoenix, na wengi wetu tunakitumia hichohicho mpaka simu ife. Vyote ninavyovitaja hapa ni vya bure. Unacholipa ni bando na habari zako, na kwa hayo mawili ndivyo nilivyovipanga.

Cha kwanza ni Firefox. Kwenye Android kinakubali kuongezewa uBlock Origin, kitu ambacho Chrome ya simu haikubali. Nyongeza hiyo huzuia matangazo na vifuatiliaji (vinavyopeleleza unachofanya mtandaoni) kabla havijapakuliwa, kwa hiyo hata MB zinapona. Kasoro yake: Mozilla wanaokitengeneza hupata sehemu kubwa ya fedha zao kutoka Google, ili Google ndiyo iwe injini ya kutafutia. Ingia kwenye mipangilio uweke injini ya DuckDuckGo badala yake.

Cha pili ni Brave, kwa asiyetaka kuhangaika na mipangilio, maana kinazuia matangazo tangu unapokiweka. Mambo yake ya sarafu za kidijitali yazime. Mwaka 2020 kilikutwa kikichomeka viungo vya kuwaletea wenye Brave kamisheni kwenye anwani za tovuti za sarafu hizo. Wakaomba radhi, wakaacha.

Chrome nakipa nafasi ya tatu. Kiusalama ni imara, marekebisho yake hayachelewi, lakini mwenye nacho, Google, anaishi kwa matangazo. Na ile hali fiche (incognito) yenye kofia na miwani haikufichi kwa tovuti unazotembelea wala kwa kampuni ya simu. Mwaka 2024 Google ilikubali kufuta rundo la data ili kumaliza kesi ya jambo hilo Marekani.

Hali fiche ina kazi yake steshenari. Vijana wengi huombea mkopo wa chuo wa HESLB au kazi za Ajira Portal kwenye kompyuta ya steshenari, na kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, mtu anabonyeza ndiyo kwa haraka za foleni. Anayekaa kiti hicho baada yako anaingia kwenye akaunti yako bila kubisha hodi. Fungua hali fiche kwanza, na ukimaliza toka kwenye akaunti, kisha funga madirisha yote.

Opera Mini ni cha nne, ingawa vijiji vya mwambao wa ziwa, ambako mtandao ni wa kusuasua, hawatanielewa. Kinabana kurasa kwenye seva (kompyuta kuu) za Opera kabla hazijakufikia, kwa hiyo ukitumia ubanaji wa juu kabisa, seva hizo zinaona unachosoma. Matokeo ya Simba na Yanga, sawa, benki, hapana.

Phoenix sikipangi, ukurasa wake wa mbele umejaa habari za udaku na matangazo. Tor ni kwa mwenye sababu nzito ya kujificha, na awe na subira, kwa sababu ni kizito.

Ukishachagua, nenda kwenye mipangilio ya simu ukifanye kiwe kivinjari chaguo-msingi. Usipofanya hivyo, viungo vya WhatsApp vitaendelea kufunguka kwenye kile cha zamani.