Stroberi za maua: ipi ya chungu, ipi ya kikapu cha kuning'iniza

Stroberi ya maua ya waridi huuzwa na ua lake. Mtu anauona mche mmoja umechanua kitaluni, anaubeba nyumbani, anautundika barazani. Miezi mitatu baadaye ana majani tele, ana marando yanayotambaa kila upande kama ya viazi vitamu, na hana tunda hata moja la kumpa mtoto. Mimi nilianza hivyo hivyo. Niliambiwa "hii inazaa", kibandiko hakikuwa na jina la aina, nami sikuuliza zaidi. Tangu siku hiyo sinunui mche usio na jina, na kila aina naipima kwa swali moja: je, itanipa ua na tunda pamoja, ndani ya chombo kidogo, bila kunifunga kazi ya kukata marando kila wiki? Mpangilio wa hapa chini umefuata swali hilo. Anayetaka maua matupu ataanzia karibu na mwisho, na hatakosea.

Kabla ya majina, ni vyema kujua rangi hii imetoka wapi, maana ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya miche hii ni migumu kuzaa. Stroberi tunayoila ni chotara wa aina mbili za mabara ya Amerika, moja ya Chile na nyingine ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, zilizokutana katika bustani za Ufaransa karne ya 18. Zote mbili zina ua jeupe la petali tano. Rangi ya waridi ililetwa na mmea mwingine kabisa, Comarum palustre, unaoota kwenye vinamasi vya nchi za baridi na kutoa maua ya zambarau yaliyoiva. Mwingereza Jack Ellis alifanya kazi ya kuuchanganya na stroberi kwa miaka mingi, na mwaka 1989 mche wake, 'Pink Panda', ukaingia sokoni. Ua lilikuwa zuri, lakini uzao wake ulikuwa hafifu. Aina nzuri za leo ni matokeo ya watu kuendelea kurudisha damu ya stroberi hadi tunda likarudi.

Ya kwanza: 'Toscana'

Kwa kikapu cha kuning'iniza sijaona inayoipita. Ni chotara wa kizazi cha kwanza, yaani mtoto wa moja kwa moja wa wazazi wawili tofauti, anayeoteshwa kwa mbegu, mwenye ua la waridi lililokolea na kitovu cha njano. Uzuri wake mkubwa uko kwenye marando: hayasubiri kugusa udongo ndipo yachanue. Vitoto vilivyo nchani hutoa maua vikiwa bado vinaning'inia hewani, kisha vikazaa, hivyo kikapu kimoja kinakuwa na tabaka la maua juu na jingine limeshuka ubavuni. Matunda ni ya wastani, matamu, na huja kwa vipindi virefu badala ya kuiva yote kwa mkupuo. Acha marando matano au sita tu kwa kila mche. Ukiyaacha yote, mama anachoka na matunda yanakuwa madogo.

Ya pili: 'Merlan' na 'Ruby Ann'

Hizi ninazichagua kwa chungu cha mezani au cha dirishani. 'Merlan' ni ya waridi, imejikusanya, haitapakai. 'Ruby Ann' ua lake limekaribia wekundu wa damu, na ndiyo ninayompa anayeniambia waridi si rangi yake. Zote mbili huzaa vizuri. Nimeziweka chini ya 'Toscana' kwa sababu moja tu: kwenye kikapu hazishuki kwa wingi, kwa hiyo kingo za kikapu hubaki wazi kwa muda mrefu. Ujue pia kwamba maua ya waridi na mekundu ya stroberi hupauka jua linapokuwa kali na kukolea hali ya hewa inapopoa. Mche uliouona umepauka mchana wa joto si lazima uwe mbovu.

Ya tatu: 'Delizz'

Ua lake ni jeupe, na wengine watauliza imefikaje kwenye orodha ya mapambo. Imefika kwa tunda lake. Mwaka 2016 ilikuwa stroberi ya kwanza kushinda tuzo ya All-America Selections kule Marekani, na ukiupanda mche wake kwenye chungu utaelewa: kichaka kidogo cha duara, matunda mekundu yakiwa yamezunguka ukingo wa chungu, mengine mabichi, mengine yanaanza kuona haya. Kwangu hilo ni pambo tosha. Kwa nyumba yenye watoto ningeiweka ya kwanza.

Ya nne: zenye petali nyingi

Hapa wako jamii ya 'Summer Breeze' na 'Berried Treasure', zinazopatikana nyeupe, waridi na nyekundu. Ua lake limejikunja kama waridi dogo, na kwa mtu wa kupiga picha hakuna inayozishinda. Matunda yapo, lakini usitarajie mengi kama ya 'Toscana'. Ukipanda mahali pasipofikiwa na nyuki, kama baraza ya ghorofani au dirishani, pitisha brashi laini ya rangi katikati ya kila ua, ukizungusha polepole, siku mbili tatu mfululizo. Ua lisilopata chavua ya kutosha hutoa tunda lililopinda, upande mmoja umejaa, mwingine umesinyaa. Jambo hili halihusu aina hizi peke yake, lakini kwenye hizi ndiko nililiona zaidi.

Ya tano: stroberi ya mwituni isiyo na marando

Kisayansi inaitwa Fragaria vesca. 'Rügen' ndiyo inayojulikana zaidi. 'Golden Alexandria' ina majani ya kimanjano ambayo yenyewe ni pambo. Tunda ni dogo kama ncha ya kidole cha mwisho, ila harufu yake inajaza chumba. Inavumilia kivuli cha nusu siku kuliko nyingine zote hapa, na kwa kuwa haitoi marando, inakaa kwenye chungu kwa adabu. Kwa kikapu haifai, maana hakuna kitakachoning'inia.

Ya sita: 'Variegata'

Majani ya kijani yenye mabaka meupe ya maziwa. Matunda ni ya kubahatisha. Rando likitoka na majani ya kijani kitupu, likate siku hiyo hiyo, la sivyo baada ya misimu michache mabaka yatapotea na utabaki na stroberi ya kawaida isiyozaa.

Ya saba: 'Pink Panda' na 'Lipstick'

Ndizo zilizofungua njia, nazo bado zinauzwa kwa wingi. Kama una kipande kitupu cha ardhi au chombo kikubwa unachotaka kifunikwe upesi kwa maua ya waridi au mekundu, zichukue. Zinatambaa kwa nguvu ya ajabu. Lakini kwa kikapu kidogo zitakusumbua, na tunda ukilipata ulishukuru.

Na moja usiinunue kabisa kama unatafuta stroberi: yenye ua la njano. Hiyo ni Potentilla indica. Tunda lake jekundu limetazama juu badala ya kuinama, mbegu zake nyekundu zimechomoza, na ukilitafuna ni kama umetafuna maji. Halina sumu. Tatizo ni kwamba mmea wenyewe unasambaa na kuwa gugu, na kuna wauzaji wanaouita stroberi. Stroberi ya kweli haina ua la njano. Katikati ndiko kuna njano, petali kamwe.

Ukishachagua aina, geukia mche wenyewe. Weka vidole viwili kila upande wa shina, upindue chungu, ugonge kitako, mche utelezee kiganjani. Mizizi mizuri ni myeupe au ya rangi ya chai ya maziwa, imeushika udongo bila kujizungusha mara tatu nne kama kamba. Ikiwa ya kahawia nyeusi na inanuka uvundo, rudisha. Kisha tazama kitovu, yaani kile kishina kifupi ambamo majani yote huchipuka: kiwe kigumu ukikibonyeza, si laini. Geuza jani la chini. Utando mwembamba na vidoa vidogo vya manjano ni dalili ya utitiri mwekundu. Majani yaliyojikunja na kunata ni kazi ya vidukari, ambao ndio wanaobeba virusi kutoka mche hadi mche. Mwisho tafuta machipukizi ya maua ambayo hayajafunguka. Mche uliochanua wote leo umeshakuonyesha alichonacho; wenye maua mawili na vichwa sita vilivyofumba utakufurahisha wiki zijazo.

Mbegu au mche? Mbegu zinakupa miche mingi, lakini zinadai subira. Zitandaze juu ya udongo wenye unyevu bila kuzifukia, maana zinahitaji mwanga ili ziote. Za chotara huota kwa wiki mbili hadi nne penye joto la nyuzi 18 hadi 20. Zile za mwituni ziweke kwanza kwenye friji wiki mbili hadi nne. Usihifadhi mbegu za chotara kwa ajili ya msimu ujao, hazitazaa mfano wa mama. Wanaoanza ninawashauri wachukue miche, mitatu hadi mitano kwa kikapu cha sentimita 30 na mmoja kwa chungu cha sentimita 15 hadi 20. Ukiletewa miche ya mizizi mitupu, iloweke kwenye maji kama saa moja kabla ya kupanda.

Kikapu cha usumba wa nazi kinapendeza kuliko cha plastiki, lakini kinakauka upesi mno. Kama utakichagua, tandika ndani nailoni uliyoitoboa matundu kabla ya kujaza udongo. Udongo uwe mwepesi wenye mboji, unaopitisha maji, wenye uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Panda kitovu kikiwa sawasawa na uso wa udongo: ukikizamisha kitaoza, ukikiinua mizizi itakauka. Kikapu kipate jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Mara mche unapoanza kuchanua, mpe mbolea ya maji yenye potashi nyingi kila baada ya wiki mbili, na epuka ile ya naitrojeni nyingi, isije ikakupa majani badala ya matunda.

Kuhusu maji, usiamini macho. Uso wa udongo unaweza kuwa mkavu huku ndani kumelowa. Kila asubuhi weka kiganja chini ya kikapu, ukiinue kidogo. Baada ya siku tatu nne mkono wako utaujua uzito wa kikapu kilichoshiba na wa kile chenye kiu. Wakati wa joto kali kitataka maji kila siku, wakati mwingine asubuhi na jioni. Ukimwagilia, elekeza maji kwenye udongo, si kwenye maua, kwa sababu tunda lililolala na maji usiku huamka na ukungu wa kijivu.