Kinga iliyokuja na Windows: uzoefu wangu na Microsoft Defender

Programu ya kuzuia virusi niliyokuwa nikiilipia ilipokaribia kwisha muda, vidirisha vya "lipa sasa" vikaanza kunirukia hata nikiwa katikati ya kuandika. Nikaifuta. Microsoft Defender, inayokuja bure ndani ya Windows 10 na 11, ikajiwasha yenyewe papo hapo. Hakuna cha kupakua wala cha kusajili.

Kuiamini tu hivihivi sikutaka. Kuna faili la majaribio liitwalo EICAR: maandishi ya herufi 68, hayana madhara yoyote, ila watengenezaji wa kinga wamekubaliana kuyachukulia kama virusi vya kweli. Niliyabandika kwenye Notepad nikahifadhi. Tahadhari ikachomoza kwenye kona ya skrini, na nilipofungua folda, faili halimo. Basi mlinzi yuko zamu. Kama atamkamata kila mwizi, hiyo ni habari nyingine.

Kilichonifanya nibaki nayo ni kipengele ambacho huja kimezimwa. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, shuka mpaka chini kabisa penye kinga dhidi ya virusi vya kudai fidia, uwashe ulinzi wa folda. Kuanzia hapo programu isiyoaminika haiwezi kubadilisha kitu ndani ya folda za nyaraka, picha na video. Virusi hivyo kazi yao ni kuyafunga mafaili yako kisha kukudai pesa, kwa hiyo hapo vinagonga mwamba. Kero ni kwamba hata programu halali isiyojulikana sana huzuiwa, na mara nyingi yenyewe hukuambia tu kuwa faili halipatikani. Ukikutana na hilo, angalia historia ya ulinzi, uiruhusu kwa mkono. Usizime kipengele chote kwa hasira!

Masasisho ni lazima. WannaCry, virusi vya kudai fidia, iliposambaa Mei 2017, kiraka (sasisho la kuziba) cha tundu la Windows ililopitia kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayeendelea nayo bila mpango wa nyongeza hapati viraka vipya, hata kama Defender yake bado inaonyesha alama ya kijani.

Isichoweza Defender ni kukuzuia usitoe nywila yako mwenyewe kwenye tovuti ya kitapeli. Kwa hilo nimewasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe, na kazi za kila siku nazifanya kwa akaunti ya kawaida, siyo ya msimamizi. Picha zangu nina nakala yake kwenye diski ya nje, naichomoa kila nikimaliza kunakili. Ikibaki imechomekwa, virusi vitaifunga nayo.