Baiskeli ya kukodi Fens: Cambridge hadi King's Lynn kwa siku mbili

Kila niliyemwambia kwamba mimi na shemeji tunakwenda kuzunguka Fens, nchi tambarare ya kinamasi kilichokaushwa mashariki mwa Uingereza, kwa baiskeli alinijibu vilevile: kule hakuna mlima, hamtachoka. Kweli, mlima hakuna. Lakini baiskeli niliyoichagua kwa kusikiliza maneno hayo ndiyo iliyonitesa, na ile ya shemeji, ambayo mimi niliiona ni ya watu wa mashindano, ndiyo iliyofaa. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlioko Uingereza mnaofikiria safari hii.

Tulikodi kwenye duka dogo Cambridge, mwishoni mwa Aprili, pauni 28 kwa siku kwa kila baiskeli. Ndani ya bei hiyo ulikuwamo kofia, kufuli, pampu, mifuko miwili ya kuning'iniza kwenye keria na kipochi cha kuzibia pancha. Fundi alinipandisha, akaangalia goti langu linavyokunjuka, akashusha siti kidogo, akanipandisha tena. Hilo nalisifu, maana maduka mengi yanakupa funguo tu na kukuonyesha mlango. Yangu ilikuwa na usukani ulionyooka, siti pana laini na gia 24. Shemeji akachukua yenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo, siti nyembamba ngumu. Nilimhurumia.

Siku ya kwanza upepo ulitoka kusini-magharibi, nyuma yetu. Tulitokea Bottisham tukashika Lodes Way, njia ya baiskeli inayokatiza mashamba na mifereji ya kale mpaka Wicken Fen. Hapo ndipo utaona Fens ilivyokuwa kabla haijakaushwa: matete marefu kuliko mtu, maji meusi yaliyotulia, na kinu cha upepo cha mbao cha kuvutia maji. National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, walianza kununua ardhi hiyo mwaka 1899, na leo wanachunga humo farasi wa aina ya Konik na ng'ombe wa Scotland wenye manyoya marefu. Farasi walikuwa wamesimama karibu kabisa na njia. Tulishuka, tukakokota baiskeli polepole mpaka tukawapita.

Ukitoka hapo ni anga. Mtu aliyekulia Wete kama mimi amezoea kuona upeo baharini tu, si nchi kavu. Huku ardhi imelala kimya mpaka macho yachoke, udongo mweusi kama makaa, viazi, vitunguu, viazisukari, halafu mstari wa tuta, halafu mawingu. Na kwa mbali sana kikachomoza kitu kama jahazi lililotweka tanga. Ni kanisa kuu la Ely. Wenyeji wanaliita Meli ya Fens, na nilipoliona sikuhitaji kuelezwa kwa nini. Tulipiga pedeli karibu saa nzima huku tunalitazama, na halikuonekana kusogea. Mnara wake wa kati ulianguka mwaka 1322, wakajenga mahali pake kuba ya pembe nane ambayo ukisimama chini yake na kutazama juu huna haraka ya kuondoka. Ely wenyewe ulikuwa kisiwa katikati ya kinamasi, na jina lake linahusishwa na mikunga waliokuwa wakivuliwa humo. Kupanda kuingia mjini ndiko kulikokuwa kupanda kwetu kwa kweli siku ile.

Lakini usiku nilikuwa siwezi kukaa. Na hapa ndipo kwenye kiini cha ninachotaka kusema. Kwenye nchi ya vilima unapanda umesimama juu ya pedeli, ukishuka unaacha baiskeli iteleze, mwili unapumzika. Fens haikupi hata kimoja. Unakanyaga mfululizo, umekaa palepale, mikono palepale, kwa muda wa saa nne. Ile siti pana laini ilinibonyeza kila mahali, na usukani ulionyooka ulinipa sehemu moja tu ya kushika, vidole vikafa ganzi. Shemeji alikuwa akibadilisha: mara juu, mara pembeni, mara chini. Aliamka mzima. Na zile gia 24, nilitumia tatu.

Siku ya pili upepo ukageuka, ukatoka kaskazini, upande wa ghuba ya Wash, kule tunakokwenda. Marehemu babu yangu alikuwa nahodha, na neno lake kwa upepo wa namna hii lilikuwa mbisho. Jahazi angalau lina nafasi ya kubisha, linakata huku, linakata kule, linafika. Baiskeli juu ya barabara iliyonyooka kando ya tuta haina pa kukata. Hakuna ua, hakuna msitu, hakuna ukuta wa kujificha. Kutoka Littleport kupita Brandon Creek hadi Ten Mile Bank nilikuwa nimekaa wima kama tanga, na shemeji ananipigia kelele: "Shemeji, inama! Unaukinga wote kwa kifua!" Nilikunja viwiko nikajaribu, lakini usukani ule haukuniruhusu kushuka. Mwishowe akapita mbele, mimi nikajibanza nyuma ya gurudumu lake, na hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kama unakwenda peke yako, angalia utabiri wa upepo kwanza, ndipo wa mvua, na panga uelekeo kwa huo upepo. Reli ya Cambridge, Ely, Downham Market na King's Lynn inafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kuanzia upande wowote na kurudi kwa treni.

Barabara zenyewe zina mawimbi. Lami inapanda na kushuka, mahali pengine imelalia upande, na mizigo inarukaruka kwenye keria. Sababu ni mboji, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza. Maji yakishavutwa, udongo ule unakauka, unanywea, unaliwa na hewa, na ardhi inazidi kushuka. Holme, karibu na Peterborough, kuna nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini baada ya ziwa la Whittlesey Mere kukaushwa mwaka 1851, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa udongo. Leo imesimama nje kiasi cha mita 4. Nilikwenda kuitazama mwaka jana na bado inanisumbua. Ndiyo maana mito huku imebaki juu ikizuiliwa na matuta: tulikuwa barabarani, na boti ikapita upande wa pili wa tuta, juu ya vichwa vyetu.

Kabla ya kijiji cha Denver nikapata pancha, mwiba wa uzio uliokatwa karibuni. Nikafungua kipochi cha duka: viraka vipo, msasa upo, solusheni imekauka ndani ya kichupa kama gamba. Kumbe kipochi hakikuwa kimekaguliwa. Hilo lilinikasirisha sana, kwa sababu huko nyumba ziko mbalimbali na hakuna fundi wa chini ya mti. Mzee mmoja aliyekuwa na trekta alisimama, akatupeleka kwenye banda lake, akatoa solusheni yake, akakataa senti. Na mvua ilipopiga nusu saa baadaye, mfuko mmoja uliingiza maji kwenye mshono.

Denver tulipumzika kwenye milango ya maji. Ya kwanza ilijengwa hapo mwaka 1651, na hii ya sasa bado inafanya kazi ileile, kuzuia bahari isipande na kuachia mto ushuke. Mtu akikaa hapo na chai ya chupa anaelewa nchi nzima inavyopumua. Kutoka hapo hadi King's Lynn tulifika jioni, tumelowa, tumefurahi kweli. Treni ya kurudi ilichukua chini ya saa moja.

Dukani niliwaeleza solusheni na mfuko. Walinirudishia kodi ya siku moja na hawakubishana, na fundi alivitoa vipochi vyote rafuni kuvikagua nikiwa pale. Nitakodi kwao tena. Nitakachoomba ni usukani wa pembe za kondoo, siti nyembamba, tairi za milimita 35 au zaidi kwa ajili ya lami ile, na nitafungua kipochi mbele yao. Safari hiyo nataka iwe kati ya Novemba na Februari, nipite Welney, maana batamaji weupe wanaotoka Iceland na kaskazini mwa Urusi hukaa huko majira ya baridi, na Aprili walikuwa wameshaondoka. Shemeji amesema anakuja, ila safari hii mimi ndiye wa mbele.